Chini ya Masharubu

Kutaisi, mwezi wa pili, theluji imegeuka tope.
Chumba namba nane kina joto la watu waliokwisha ondoka.
Daktari Lamzira ananipaka jeli, baridi kama pua ya ndama,
na wewe, Bachuki, umesimama na kofia mkononi
kama mtu aliyekuja kulipa deni la mwingine.

Huu moyo. Huu uti wa mgongo,
shanga zilizotungwa gizani na asiyehitaji macho.
Huu mguu, tazameni, unapiga teke.
Tukacheka.

Kisha akafika usoni, akanyamaza.

Siku ile nilijifunza kwamba kimya kina aina.
Kipo cha anayehesabu, kipo cha anayesali,
na kipo hiki: cha mkono unaorudi palepale,
palepale, ukibonyeza,
kama fundi anayepapasa ukuta akitafuta waya ulipopita.
"Lala ubavu," akaniambia. "Kohoa kidogo."
Mtoto hakugeuka. Kaweka ngumi mdomoni
kama shahidi aliyekatazwa kusema.

Tukangoja dakika kumi na mbili. Nilizihesabu
kwenye saa ya ukutani yenye tangazo la maziwa ya unga.

Ngumi ikashuka.
Na pale, katika manyunyu ya kijivu ya kioo,
mdomo wa juu: mstari mweupe,
mstari,
kisha weusi mwembamba kama upenyo wa mlango,
kisha mstari tena.
"Mpasuko," alisema. "Upande wa kushoto. Kaakaa siwezi kuapia,
kivuli cha mfupa kinanizuia. Mdomo hushonwa mapema,
akiwa na miezi michache. Si kosa la mtu."
Akarudia: si kosa la mtu.
Mimi nilikuwa nimeshaanza kulitafuta:
divai ya arusi ya dada yako, bilauri moja; dawa ya mafua;
gunia la viazi nililoinua Novemba;
yule sungura niliyemchuna kwa mikono yangu
mbele ya mama yako, ambaye hali sungura
na hajawahi kusema kwa nini.

Wewe hukusema kitu.
Garini hukusema kitu. Darajani, juu ya mto Rioni, hukusema kitu.
Ulikula supu yako yote.

Saa tano usiku nikasikia mkasi bafuni,
kisha maji, kisha wembe.
Miaka tisa nimelala kando ya masharubu yale.
Nimeyafuta povu la bia, nimeyachana siku ya harusi,
nimeyalaumu kwa kunichoma.
Sikuwahi kuuliza yalishika zamu kwenye mlango gani.

Ukatoka na taulo shingoni.
Ngozi ilikuwa nyeupe kama kidole kilichovuliwa pete,
na kushoto, kutoka mdomoni hadi tundu la pua,
kovu: limevuta nyama kidogo,
mshono wa mtu aliyekuwa na haraka na uzi haba.
"Shuleni waliniita Sungura," ulisema.
"Nilimwomba Mungu ndevu kabla sijamwomba akili."

Nilikasirika. Niandike hivyo hivyo: kwanza nilikasirika.
Miaka tisa! Mficha uchi hazai, nikakutupia.
"Nimeficha mdomo, Nestani," ukajibu, "na nimezaa."
Sikutaka kucheka.
Nilicheka mpaka nikashika ukuta,
na nilipotazama tena ulikuwa unalia
kwa mdomo ambao sikuuzoea,
mdomo usiojua pa kujificha.

Nikaenda kuleta ile picha mkobani.
Nikaishika kando ya shavu lako, chini ya taa.
Upande uleule.
Karatasi ilinuka dawa, wewe ulinuka sabuni.

"Unaweza kupiga mluzi?" nikauliza,
kwa sababu ndilo swali lililokuja.
Ukalamba midomo. Ukajaribu.
Hewa ikatoroka kushoto, fyuu, bila sauti,
ikanipuliza nywele.

"Tena," nikasema.